Nilijiita Mufagiaji, Semeki Akaitwa Fundi

Nilikosa. Naanza na hilo ili mutu asiseme nalaumu wengine tu. Nilikosa kwa mudomo wangu mwenyewe, mchana kweupe, nikiwa nacheka! Jina siandiki. Hapa mujini Baraka tayari bamenipa lingine: Mama Fagio.

Semeki yangu, kaka mukubwa wa bwana yangu, ana atelie ya kuunga vyuma. Milango na madirisha, sibishi, anaweza. Kuchora? Hata yai hawezi!

Hospitali moja ilijenga jengo jipya la uzazi. Komite ikataka ukuta wa mbele upambwe kwa vyuma vyenye sura za vitu vya kwetu. Ikasema pia: fundi atakayefanya vizuri ndiye atafundisha wasichana waliozaa wakaacha shule. Mimi na mutoto mgongoni, hiyo kazi niliiona yangu.

Pale atelie ya semeki nilichora kwa chaki juu ya mapipa yaliyopasuliwa, nikakata. Kundi zima la ndakala, wale samaki wadogo wa ziwa, nyange aliyeinua mguu mmoja, jani la muhogo, sombe yetu, lenye vidole saba. Rafiki yangu, tumuite Mwamini, alinishikia bati lisicheze. Mikono yake ina alama mpaka leo. Semeki aliunga vipande tu.

Siku komite ilipokuja kuangalia, semeki akanivuta pembeni.

"Unaona bale bazee? Bakisikia ni mwanamuke mwenye kunyonyesha, kazi inaenda kwa bengine. Useme ni mi. Vikishapanda ukutani nitasema ukweli mbele ya bote. Sisi si ndugu?"

Sisi si ndugu! Nikaamini. Mjinga mimi!

Muzee mmoja akaniuliza: "Na we mama, unafanyaka nini hapa?"

"Mi nafagiaka tu, papa. Fundi ni yeye."

Mwamini akaruka. "We! Usidanganye bazee! Bazee, huyu ndiye anakata, mi nashika. Huyu fundi wenu hajui kuchora hata panya!"

Bazee wakacheka. Semeki akaniangalia. Na mimi, jamani, nikasema: "Mumuache. Toka bwana yake amufukuze, anasemaka ovyo tu."

Mwamini alivua glavu, akaziweka juu ya pipa, akaenda.

Siku ya kufungua jengo nilivaa kitenge kipya. Bamama wenye mimba walikuwa wanahesabu ndakala kwa kidole. Moyo ulinijaa! Semeki akaitwa, akashika mikro: "Namushukuru Mungu kwa hii mikono yangu." Akakaa. Basi! Kisha sekretere akasoma shukrani: dereva wa mchanga, wapishi, "na mama mwenye kufagia atelie." Wakanipigia makofi!

Nilimufuata nyuma ya jengo. "Semeki, uliahidi."

"Mi nilikuomba useme kazi ni yangu. Hayo ya fagio uliyatoa wapi?"

Na kufundisha wasichana akapewa yeye.

Nilienda kwa komite na daftari langu la michoro. Yule muzee akalifungua, akalifunga. "Mama, si ni we ulituambia? Lete shahidi."

Shahidi ni mmoja tu. Nilimukuta anatwanga sombe. "Dada, unisaidie. Uje useme ulichoona."

Hakusimamisha muchi. "Nilishasema. Ile siku ulikuwa na mudomo wa kutosha. Utumie uleule."

Nilimuomba radhi. Akaendelea kutwanga. Nikasimama pale mpaka mutoto akalia, hakuinua macho.

Juzi semeki akatuma mutu kwangu na karatasi: nimuchoree kuku wa kufundishia. Kuku! Hata aibu hana! Nikamurudishia karatasi ileile, nyeupe.

Namuchukia, nasema wazi. Lakini yeye aliiba kazi. Kumutukana Mwamini kwa kidonda chake, hiyo niliifanya mimi, na sina wa kumusukumia.

Bamama wenzangu, musijishushe ili mwanaume aonekane murefu. Neno "nasaidia tu" tulizoea kulisema kama salamu, na mutu akilisikia analiandika! Na rafiki anayekutetea mbele ya watu, usimuchome ili ndugu afurahi. Ukiulizwa kazi hii ni ya nani, jibu kabla hujamuangalia mutu usoni!