Siku Babu Alipokwenda Mahakamani Kunikana

Kwenye cheti changu cha kuzaliwa, aliyeandikwa baba alikuwa babu yangu mzaa mama. Alifanya hivyo nisikose shule. Kwamba niliishia la saba si kosa lake. Lakini nilipokwenda kuandikishwa kitambulisho, karani alisoma majina ya wazazi wangu mara mbili.

"Dada, hapa mama yako ni binti wa baba yako?"

Foleni nzima ilicheka. Nami nilicheka, halafu nikaenda nyuma ya jengo nikalia.

Baba yangu hakuwa siri. Ni Mmasai wa Endulen, na enzi hizo alileta ng'ombe mnadani Karatu, mahali ambapo mama, Mungu amrehemu, aliuza chai. Alituma wazee kwetu Rhotia kumposa mama, Babu akawafukuza. Simlaumu Babu. Akiwa mdogo aliona ng'ombe wote wa baba yake wakiswagwa na Wamasai. Baba naye simlaumu sana, ingawa angeweza kurudi tena kuposa. Nilipokua alininunulia soda kila tulipokutana mnadani, na hatukuwa na la kusema.

Msaidizi wa sheria aliniambia kwamba ili jina la baba libadilishwe kwenye cheti, kwa umri wangu lazima niombe kibali cha mahakama kwanza. Tena aliyeandikwa kwenye cheti aje aape kuwa si baba yangu. Hilo la mwisho lilinishinda kumwambia Babu. Nilikaa nalo mpaka mahindi yakavunwa, nikamwambia tukiwa tunapukuchua.

"Nilikubeba mgongoni kwenda kliniki kama mwanamke, watu wakanicheka," alisema. "Leo niape kwamba wewe si wangu?"

Pengine nilikuwa na tamaa ya baba wawili wakati wengine hawana hata mmoja. Nikasema tuache. Babu akapukuchua gunzi lile likaisha, akachukua jingine.

"Siku gani?" akauliza.

Baba hakubisha. Alipoambiwa kuwa kipimo cha DNA kinachukuliwa kwa mate, alicheka sana.

"Mate tu? Si ndiyo tunayobarikia watoto? Wachukue mpaka watosheke."

Huko kwao wapo waliosema natafuta ng'ombe wa urithi. Ningekuwa muongo nikisema sikuwahi kuwawazia ng'ombe hao. Lakini sio walionifikisha mahakamani.

Siku ya kesi baba alikuja na dada zangu wawili wa upande wake. Nilimwamkia kwa kumpa mkono, kama mgeni. Majibu ya kipimo yalishafika, ila hakimu, mama wa makamo, alitaka kuwasikia wazee wenyewe.

"Huyu ni wangu," baba alisema, blanketi lake begani. "Nilichelewa kusema."

Hakimu akamgeukia Babu. "Mzee, wewe ulimzaa huyu?"

"Sikumzaa." Nikaangalia sakafu. "Nilimlea. Andika yote mawili."

"Nimeshaandika hukumzaa, mzee wangu. Kaa."

"Sikai. Na la pili?"

Watu wakacheka. Hakimu hakucheka. Aliandika, akamsomea kwa sauti: hakumzaa, alimlea. Ndipo Babu akakaa, akalinyoosha koti lake kama mtu aliyetoka kupokea komunyo. Wakati hakimu akitamka kuwa yule Mmasai ndiye baba yangu kisheria, mimi nilikuwa namwangalia Babu. Sijui kama niliwahi kujivunia watu wangu kiasi kile.

Nje, dada zangu walimwendea Babu wakainamisha vichwa. Kwao ndivyo mtoto anavyomwamkia mzee: anasubiri aguswe utosini. Babu, Muiraqw wa Rhotia, alibaki na kofia mkononi akivitazama vile vichwa viwili.

"Wamedondosha nini?" akaniuliza. Mpaka leo sijui kama alitania.

"Babu, waguse."

Akawagusa mmoja mmoja, taratibu, kama anayepima joto la mtoto mgonjwa.

Nikabaki mimi. Asubuhi nilitoa mkono kwa sababu sikuwa na uhakika kama nina haki ya kuinama. Sasa nilikuwa nayo, tena kwa muhuri. Nikamsogelea baba, nikaanza kuinamisha kichwa. Akarudi nyuma kidogo, akaelekeza kidevu chake kwa Babu.

"Anza kule," alisema.