Bikoni Niliyoikoleza

Jirani yangu wa Tunduma, mpakani na Zambia, mzee aliyekuwa akinunua mahindi Mlowo na Ndalambo tangu sijazaliwa, amefariki kwa saratani ya tezi dume. Tulimzika Jumamosi. Safu hii nimeiandika na kuifuta mara nyingi, kwa sababu ndani yake kuna kosa langu.

Wanawe wakiwa safarini na malori, mimi ndiye niliyemsindikiza kwenye tiba ya mionzi, mbali na nyumbani. Walimchora alama za wino, moja chini ya kitovu na mbili nyongani, ili kila siku alale palepale, kibofu kimejaa, mionzi iipate tezi bila kuunguza viungo vya jirani. Mzee aliziita bikoni, kama yale mawe ya mipaka ya viwanja. "Usicheke, mwanangu. Ukipitiliza kidole kimoja hapa, umeshaingia Zambia bila kibali."

Ijumaa moja alioga kwa ajili ya sala, akajisahau akasugua. Alama ya kulia ikafifia. Akasema tuwaambie wataalamu. Mimi, niliyejifunza kila kitu peke yangu na nisiyevumilia mstari hafifu, nikachukua kalamu niikoleze. "Haina haja, mzee."

"Haya, fundi. Ila usininyang'anye kiwanja."

Jumatatu binti wa mionzi alipima, akasita. "Shikamoo, babu. Nani amechora hapa? Alama imesogea."

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Mzee akaniwahi.

"Marahaba, mama. Ni mimi. Uzee tu."

Ikabidi apimwe upya. Tiba ikasimama kwa siku kadhaa. Nje mzee akaniambia, "Usinitazame hivyo. Ningekutaja wangekufukuza, mimi ningeshikwa mkono na nani?"

Daktari alisema ugonjwa ulikuwa umeshafika kwenye mifupa, siku zile hazikumuua. Namsikia, lakini usingizi hauji. Makaburini mwanawe mkubwa alinishukuru mbele za watu kwa kumtunza baba yao. Nikajibu, "Asante." Neno moja, limenyooka, na ni uongo.

Kaka, najua unasoma hapa. Ni mimi niliyechora.

Nilidhani usahihi ni mstari uliokolea. Kumbe alama iliyofifia humwita mtu aje aitazame. Iliyokolezwa mahali si pake humwambia apite tu. Nasi wengi hukoleza: mashuleni, maofisini, humu magazetini, ili tusionekane hatujui. Bikoni ikififia, mwite mpimaji. Mzee alitaka tumwite.