Mama Futi Aipima Dunia

Binti yake wa pekee alikuwa apasuliwe asubuhi ili ajifungue, na aliomba jambo moja tu: mama awepo kabla hajaingizwa chumba cha upasuaji. Ndiyo maana fundi cherehani, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Futi kwa kuwa utepe wa kupimia haumtoki shingoni, alipanda ndege kwa mara ya kwanza akiwa na miaka sitini na ushee.

Alijiandaa kifundi. Alitandaza ramani ya dunia kwenye meza ya kukatia vitambaa, akaweka utepe kutoka mji wake hadi mji wa binti, akachora mstari kwa chaki, mnyoofu kama mshono wa suruali. Akaridhika.

Rubani alitangaza kilomita elfu kumi na mbili, saa kumi na nne hewani. Hilo halikumtisha. Kilichomtoa jasho ni kioo kilichokuwa mbele ya kiti chake. Kandege kalikochorwa humo kalikuwa kanapanda kaskazini, kanapanda tu, kuelekea kwenye barafu ambako chaki yake haikukaribia hata kidogo.

Akamwita mhudumu, akamnong'oneza asije akawatia wenzake hofu. "Mwanangu, mwambie rubani, kwa heshima zote, kwamba amepotea. Mimi nawahi mgonjwa."

Mhudumu hakucheka, Mungu ambariki. "Hajapotea, mama. Dunia ni mviringo. Hii ndiyo njia fupi. Ile iliyonyooka kwenye ramani ndiyo ndefu."

Mama Futi alitaka kubisha, mkono wake ukagusa utepe shingoni. Miaka nenda rudi amewagombeza wanafunzi wake kwa kupima shati mezani ilhali mwenye bega amesimama mlangoni. Na yeye, fundi mzima, ameipima dunia mezani! Alicheka peke yake mpaka jirani yake akageuka.

Kisha akapandisha pazia la dirisha. Chini kulikuwa na weupe usio na nyumba, usio na njia, usio na mwisho, na jua limeuwakia wote kwa mara moja. Mwili ukamsisimka. Alijiona mdogo kuliko kifungo, na kwa namna asiyoweza kuieleza, hilo lilimfurahisha. Hakulala. Aliogopa kupitwa na kipande chochote cha dunia hii aliyodhani anaijua.

Mkwewe alimpokea uwanjani, wakaenda hospitali moja kwa moja. Binti alikuwa kitandani, tayari amevishwa gauni la kijani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Nilijua hutafika. Kwenye simu nilikuwa najikaza tu. Nikiwaza ulivyo mbali, nilijua hutafika."

"Hata mimi, kuna mahali nilikata tamaa," alisema Mama Futi, akamshika mkono.

Wauguzi wakaja kusukuma kitanda. Mama akatembea ubavuni, hajauachia mkono, mpaka mlangoni.