Bwawa la kuogelea lililoliwa na ng'ombe: kwa mnaochagua vifaa

Wakuu, salaam. Shikamoo zenu nimezipokea mapema, maana wengi humu ni wajukuu zangu.

Nimeona mtu wa Njiro anauliza ajenge kwa kitu gani bwawa la kuogelea la juu ya ardhi. Nina kisa, na ni kweli tupu. Anayebisha aje Moshono tubishane tukinywa chai.

Enzi za Mwingereza nilikuwa seremala kwenye shamba la kahawa la mzungu mmoja, huku Meru. Alitaka bwawa, ila ukichimba kidogo unagonga mwamba. Ikabidi lisimame juu.

Wakati huo nilimpenda Ndeanasia, binti wa nyapara wetu, Mzee Elisaria. Mzee akaniambia, "Likishika maji mpaka Jumapili, lete wazee wa kwenu. Likishindwa, nisikuone kwangu."

Twende taratibu. Maji husukuma ukuta kwenda nje, na chini ndiko yanasukuma zaidi. Nilijaribu bati, likapinda. Mbao zilivuja kwenye maungio. Nikatandika turubai ndani, nje nikazungushia vigogo vya migomba, vinene, vizito, nikavifunga kamba. Halikudondosha hata tone.

Jumamosi mzungu akaingia na kofia na kiko chake. Tukasimama kumtazama mtu mzima amekaa majini bila sabuni.

Sasa wakuu, kwetu ng'ombe hufugwa zizini, na kila siku hukatiwa migomba ale. Asubuhi ile nilikuwa nimewakatia wa nyumbani. Wazo halikunijia.

Ng'ombe mmoja alikata kamba aliyofungwa zizini, akaja moja kwa moja, akaanza kula ukuta. Tulipogeuka, alikuwa ameula mpaka kati.

Bwawa likapasuka. Mzungu aliteleza mpaka kwenye mibuni, kiko bado mdomoni.

Mzee Elisaria akanigeukia. "Leo ni Jumamosi."

Mkewe, aliyekuwa akichuma kahawa, akauliza, "Baba Ndeanasia, huyo ng'ombe ni wa nani?"

Mzee akamtazama ng'ombe wake akitafuna. Akakohoa.

"Kesho waje," akasema.

Somo: kabla ya kuuliza kama kifaa kinashika maji, uliza nani hapo jirani anakila. Ndugu wa Njiro, chukua fremu ya chuma isiyoshika kutu na turubai zito la plastiki. Usiogope kukosea, utaweza.

Ndeanasia, mke wangu, anasema mibuni ile ilizaa sana.

Wenye mabwawa, semeni mmetumia nini, na majirani wanafuga nini.