Kinyozi na Mkia wa Mwenye Nyumba

Siku walipobomoa kibanda cha kona ili barabara ipanuliwe, kinyozi alitoka na kiti chake cha kuzunguka, kioo cha mkononi na sanduku la mikasi, brashi na taulo. Vingine aliwaachia wenye tingatinga. Alikuwa amenyoa pale tangu nywele zake mwenyewe zikiwa nyeusi, na vichwa vya mtaa ule alivijua kuliko wenyewe walivyovijua: nani ana kovu kisogoni, nani ana kipele cha kukwepa, nani anasinzia ukimshika sikio tu.

Watoto wake walikuwa wawili. Wa kiume alikuwa mtu wa ofisi, anakaa mjini, ghorofa ya juu kabisa. Huyu alisema, "Baba, njoo kwangu. Hutagusa kitu. Utakaa kwenye kochi uangalie televisheni, chakula kitakufuata hapohapo." Aliyasema kwa mapenzi, ila mzee aliyasikia kama hukumu. Mtu amesimama maisha yake yote, leo aambiwe akae?

Wa kike alikuwa mfugaji, nje kidogo ya mji, na mumewe ni dereva wa lori, nyumbani anapita kama mgeni. Yeye alimwambia kaka yake, "Aje kwanza kwangu. Tuone."

Basi akaenda kwa binti. Lakini lile "tuone" lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Alijua maana yake. Akionekana anafaa, atabaki. Akionekana mzigo, kochi linamsubiri.

Sasa, ua wa yule binti haukuwa ua wa kuingia tu hivihivi. Mlangoni kulikuwa na bata mzinga aliyeitwa Mkaguzi. Ukifika, anatoka kifua mbele, anakuzunguka taratibu, anakutazama viatu, halafu anaguna. Asiporidhika anakusindikiza mpaka mlango wa jikoni, hatua kwa hatua, kana kwamba una kitu mfukoni. Mbwa alikuwepo pia, jina lake Polisi, ila kazi yake alishamwachia Mkaguzi zamani, maana kulikuwa na kuku mmoja mweusi aliyemwonea. Kuku akitaka kulala kwenye kivuli cha Polisi, Polisi anahama.

Juu ya hao wote alikuwepo ng'ombe. Binti alimwita Mwenye Nyumba, kwa sababu alikuwa na tabia ya kusimama katikati ya njia na kukuangalia mpaka uombe kupita. Usipoomba, hapiti mtu. Muuza mboga wa jirani, ambaye sisi wote tulimwita Redio kwa jinsi anavyotangaza, alikuwa akija kuchukua maziwa anasema kabisa, "Hodi, mama mwenye nyumba, nimekuja kwa mwanao," na ng'ombe anasogea.

Siku za mwanzo kinyozi alizunguka ua akitafuta kazi. Akishika fagio, binti anasema, "Baba, acha, nitafagia." Akishika ndoo, "Baba, hiyo nzito." Akakaa kwenye kiti chake cha kuzunguka, alichokiweka chini ya paa la banda, akawa anazunguka kulia, anazunguka kushoto, anawaangalia wanyama. Na kinyozi ni kinyozi. Akiangalia kiumbe, jicho linakwenda kwenye nywele.

Beberu la pale lilikuwa na ndevu ndefu za heshima, ndiyo maana likaitwa Mheshimiwa. Ndevu zile zilijaa makapi na pumba za mwezi mzima. Asubuhi moja kinyozi hakuvumilia. Akamfunga Mheshimiwa taulo shingoni, akamwambia, "Tulia, mzee mwenzangu, hata dakika haitaisha," akachana, akakata, akapiga mstari chini ya kidevu. Mheshimiwa alifumba macho. Alifurahia mno, mpaka mdomo ukaning'inia.

Kosa likawa mwishoni. Kinyozi kwa mazoea alichukua kioo, akamwonyesha. Mheshimiwa akafumbua macho, akaona beberu asiyemjua, mwenye ndevu fupi na macho ya jeuri. Akarudi nyuma. Akaja na kichwa. Kioo kilipasuka pale pale.

Binti alicheka mpaka akashika ukuta. "Baba, wateja wako wa zamani walikuwa wanalipiza hivi?"

"Wengine walitaka," alisema mzee, akikung'uta vipande. "Hawakuwa na pembe."

Tangu siku hiyo Mheshimiwa kila asubuhi anakwenda kusimama mbele ya kile kiti na kidevu juu. Hakuna kilichobaki cha kukata, lakini anataka achanwe. Redio akalitangaza hilo mtaa mzima, watu wakawa wanakuja kuchungulia. Mzee akanyooka mgongo. Akamnyoa Polisi manyoya ya masikioni. Polisi alikubali, huku akimtazama kuku mweusi kama mtu anayeomba ruhusa. Usiku ule mzee alikula vizuri, akaongea sana. Alihisi kwamba lile "tuone" limeanza kuonekana.

Hapo ndipo alipomgeukia Mwenye Nyumba.

Mkia wa yule ng'ombe ulikuwa aibu, mtu asidanganye. Singa zake, zile nywele ndefu za mkiani, zilifika karibu na kwato, zimeshikana kwa samadi, zina madonge magumu kama karanga. Binti alikuwa amekwenda kukata majani. Kinyozi alileta maji ya uvuguvugu na sabuni. Akaosha, akasuuza, akachana donge moja baada ya jingine, na muda wote anamsimulia ng'ombe habari za watu, kama alivyozoea kuwasimulia wateja. Mwenye Nyumba alisikiliza akitafuna. Hakurusha hata kwato. Na mzee alipoona singa zimenyooka, safi, zinang'aa, akafanya ambalo kinyozi yeyote angefanya. Akazikata. Hakukata ncha tu, alizinyoa kuelekea juu, akazipunguza pembeni, akamaliza kwa mstari ulionyooka kama rula. Ule mkia ukabaki kama brashi ya rangi. Akafagia nywele zote akazitia kwenye mfuko, maana hajawahi kuacha nywele sakafuni, akakaa kumsubiri binti aje asifu.

Binti alikuja amechelewa, ameshika ndoo, akaingia kwa upande wa mbele, akachutama moja kwa moja kukamua bila kutazama nyuma. Ilikuwa saa ambayo nzi wanashuka. Nzi mmoja akatua mgongoni mwa Mwenye Nyumba. Mkia ukaruka, haukufika. Wakatua wengine tumboni. Mkia ukapiga hewa. Ng'ombe akatingisha ngozi, akageuka kuangalia nyuma kwa mshangao wa mtu aliyeingiza mkono mfukoni akakuta pametoboka. Halafu akapiga teke.

Ndoo ilikwenda upande wake, binti upande wake, maziwa katikati. Mkaguzi akaja mbio, akasimama mbele ya lile dimbwi, akaguna.

Binti aliinuka ameshika kiwiko. Akamzunguka ng'ombe kutafuta kidonda. Akafika nyuma. Akasimama.

"Baba. Mkia uko wapi?"

"Upo."

"Uko wapi?"

"Si huo hapo? Nimeupunguza, mama. Ulikuwa mchafu."

"Na nzi atawafukuza na nini?"

Mzee aliutazama tena ule mkia. Katika miaka yote ya mikasi, hakuwahi kukutana na mteja ambaye nywele zake zina kazi. Nywele za watu zinakaa tu.

Binti hakumgombeza, na hilo ndilo lililouma. Aliokota ndoo akaingia ndani. Asubuhi iliyofuata ikawa vilevile: ng'ombe anaruka, anakanyaga, maziwa hayashuki. Ndoo iliyozoea kujaa ikarudi na kisichofunika hata chini. Redio alikuja na chupa yake akaondoka nayo tupu. Alipopita kwenye kiti cha kinyozi akasema, "Baba, mimi naomba nywele zangu usiziguse. Nazitumia."

Jioni mzee akamsikia binti anaongea na kaka yake kwenye simu, sauti imechoka. "Sijui. Mkono unaniuma, ng'ombe hakamuliki. Ndiyo. Njoo Jumamosi, tuongee."

Mzee alizunguka kwenye kiti chake kulia, kisha kushoto. Jumamosi ilikuwa keshokutwa.

Kesho yake alijaribu kuwa mkia. Alisimama ubavuni mwa ng'ombe na taulo lake la kazi, nzi akitua anampiga. Lakini taulo linalia kama mjeledi, na kila likilia Mwenye Nyumba anashtuka zaidi kuliko alivyoshtuka na nzi. Akampiga mzee kwa paja, mzee akaangukia kwenye majani. Polisi alikuja kumnusa, akaenda zake.

"Baba, acha tu," alisema binti. "Kapumzike."

Hilo neno lilimwinua. Alikwenda nyuma ya banda, akafukua ule mfuko wa taka. Singa bado zilikuwepo, safi, ndefu, zinanukia sabuni. Akazichana zikalala upande mmoja. Akazifunga kwa uzi kwenye mpini wa brashi aliyokuwa akiitumia kuwapakia povu wateja wa ndevu, akakaza, akakaza tena, mpaka akapata usinga mzuri. Akaburuta kiti chake cha kuzunguka mpaka zizini, binti akiwa bado anahangaika kukamua, akaketi, na nzi alipotua mgongoni, akapitisha usinga. Taratibu, bila kelele.

Mwenye Nyumba aligeuka. Akaunusa ule usinga. Sijui alinusa nini. Pengine alijinusa mwenyewe. Akarudisha kichwa kwenye majani.

Nzi wa tumboni, usinga. Nzi wa mguuni, mzee anazunguka na kiti, usinga. Na kwa vile mdomo wa kinyozi haukai kimya mkono ukiwa kazini, akaanza tena kusimulia: yule bwana harusi aliyesinzia kwenye kiti na kuamka na upara. Ng'ombe akashusha pumzi ndefu. Maziwa yakaanza kulia ndani ya ndoo.

Binti alipomaliza kukamua aliuliza, "Bwana harusi alioa hivyohivyo?"

"Alioa. Na kofia."

Jumamosi kaka mtu alifika na shati jeupe. Mkaguzi akamzunguka, viatu havikumpendeza hata kidogo, akamsindikiza mpaka zizini akimgunia mgongoni. Akawakuta katikati ya kazi: dada amechutama na ndoo, baba kwenye kiti cha kuzunguka na usinga mkononi, Mheshimiwa pembeni anasubiri zamu yake.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Usisimame hapo, unamziba upepo."

"Nimekuja kukuchukua. Chumba kiko tayari. Umehangaika vya kutosha, na huyu dada naye umemhangaisha."

Mzee alimtazama binti, na binti alikuwa ameegemeza kichwa ubavuni mwa ng'ombe, haonekani uso. Basi mzee akaweka usinga kwenye mapaja, akashika mikono ya kiti ili ainuke.

Nzi akatua. Mwenye Nyumba akakanyaga. Mguu wa nyuma ukaanza kupanda.

"Baba, kaa," alisema binti, bila kugeuka. "Kaka, ukimchukua huyu, nani atabaki hapa afukuze nzi? Wewe na hilo shati?"

"Si mkia utaota?"

"Ukiota tutaongea."

"Unaota kwa muda gani?"

"Sina haraka," alisema binti, akaendelea kukamua.

Kaka mtu akasogea, ili asizibe upepo.

Mkia ulichukua miezi mingi. Mzee aliupima kwa jicho kila siku, na tuliokuwa tunapita kuchukua maziwa tuliona kadiri unavyoshuka ndivyo hadithi zake zinavyopungua. Ulipofika gotini, Mwenye Nyumba akaanza kujipigia nzi mwenyewe, pa, pa, na usinga ukawa unapita kwenye mgongo ambao hauna kitu. Ulipokaribia kwato, mzee alianza kukunja nguo zake na kuziweka karibu na mlango. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo.

Asubuhi moja alipokwenda zizini alikuta sanduku lake la mikasi limewekwa juu ya kiti. Binti alikuwa anaosha ndoo.

"Baba, mkia wa ng'ombe umeanza kuzoa uchafu."

"Nimeona."

"Upunguze."

Mzee akamtazama. Binti anaosha ndoo, ndoo ambayo ilikuwa safi tangu jana.

"Nipunguze mpaka wapi?"

"Kwani fundi ni nani?"

Alichukua mkasi. Alichana kwanza, muda mrefu, akimsimulia ng'ombe habari za mwanamke mmoja aliyemleta mumewe kwa kinyozi akiwa amemshika sikio. Kisha akakata ncha, kidogo tu kama kucha ya mtoto, akafagia, akarudi kwenye kiti chake na usinga wake. Nguo alizirudisha kabatini jioni hiyohiyo. Na ukipita pale leo utamkuta: ng'ombe ana mkia mzima, mzee ana usinga, na nzi hawajui wamwogope nani.