Vipande Vinane vya Shuka

Mmenichosha na hodi zenu. Eti niandike habari za wifi yangu dobi, kana kwamba nilizaliwa na kalamu mkononi. Haya, naandika. Atakayecheka herufi zangu aandike zake.

Wifi alifua shuka za zahanati miaka ishirini, nyeupe hata mgonjwa anaona haya kuzilalia. Sabuni haikutoka mkononi mwake. Mkaza mwanawe kazi yake ilikuwa kusuuza ziwani tu. Mwaka mmoja shuka zikaanza kurudi na madoa ya kutu. Muuguzi mkuu akamwambia, "Dada, nakuheshimu, lakini zikija hivi tena Ijumaa, natafuta dobi mwingine."

Wifi akamvaa mkwewe. "Wewe husuuzi, unabatiza!"

"Mama, nasuuza mpaka vidole vinakunjamana kama vya ajuza."

"Ajuza gani?"

"Wa mbali huko, Mama. Humjui."

Wakanuniana. Jumatano wifi akachana shuka yake mwenyewe vipande vinane. Akavifua kwa mikono yake, kila kimoja mahali pake ufukweni, na hapo hapo akakianika kwenye kijiti. Cha kwanza kikakauka cheupe pe. Kila aliposogea kuelekea mgodi uliotelekezwa, rangi ikazidi. Cha nane, pale pale mkwewe anaposuuzia, mfereji unaposhuka kutoka kwenye lundo la mabaki ya mgodi, kilikuwa kama chai iliyokolea.

Wifi akamwita mkwewe aje aone. Kuomba radhi hakujui, yule. Akamtupia mkwewe kipande cha sabuni. "Kuanzia leo unafua. Mimi nitasuuza."

Mkwe nusura aanguke majini.

Ijumaa muuguzi mkuu akatembezwa kipande kwa kipande. Alianza kwa kucheka, akamaliza kwa kumwita mpima maji. Mpima maji akarudi na majibu: "Kutu ndiyo mnayoiona. Sumu ya madini ya risasi iliyokuja nayo haionekani."

"Basi kutu ni mbea," wifi akasema, "ila leo kamtaja mwizi."

Upande ule ukafungwa, hakuna kuchota wala kuvua. Kazi ya shuka ikabaki ya wifi, wanazifua kwa maji ya kisima cha zahanati. Lundo bado lipo. Kila Jumatatu yeye na mkwewe wanapeleka kile kipande cha nane kwa wakubwa na kukitandika mezani.

Sasa zamu yenu. Fueni kitambaa cheupe kwa maji yenu, mniletee nikione. Hata kikiwa cheupe, maji yapelekeni yakapimwe. Na mje na sabuni; yangu mmeimaliza kwa kunawa mkinisubiri niandike.