Kesi ya Mlinzi wa Reli

Nilifukuzwa kazi ya ulinzi kwenye yadi ya mabehewa kwa kukataa kuzunguka relini peke yangu. Wezi wa nyaya walikuwa wamemkata mwenzangu kwa panga, na redio yangu ilikuwa mbovu. "Kama unaogopa, nenda nyumbani," msimamizi aliniambia. Nililinda geti mpaka zamu ikaisha. Kesho yake wakanizuia kuingia.

Mume wangu, fundi cherehani pale mtaani kwetu Malvern, alitaka niachane nao. "Mama watoto, sisi wageni hapa. Tafuta kazi kwingine."

"Nitatafuta. Lakini kwanza waniambie kosa langu mbele ya watu."

Nikaenda mjini, kwenye ofisi ya kusuluhisha migogoro ya kazi. Afisa alinisikiliza vizuri mpaka nilipotaja reli.

"Eish, mama. Wafanyakazi wa reli wana baraza lao la usuluhishi. Sheria hairuhusu tuguse kesi zao."

Akanielekeza Randburg, nje ya mji, kwenye ofisi ya baraza hilo. Huko afisa wa baraza akaniuliza nani ananilipa mshahara.

"Kampuni ya ulinzi. Reli imeipa kazi ya kulinda yadi."

"Basi wewe si mtu wa reli. Rudi mjini."

Kwenye teksi nililia, uso nimeugeuzia dirishani. Niliposhuka nikanawa, nikapanda tena ngazi za ile ofisi. Nikampigia yule afisa wa Randburg, nikafungua spika na kuweka simu mezani mbele ya afisa wa mjini.

"Zungumzeni wenyewe," nikasema. "Mimi siondoki."

Walibishana kwa Kiingereza, wakahamia Kizulu, mwishowe wa mjini akashusha pumzi. "Sawa, mama. Kampuni yako haimo kwenye makubaliano ya baraza la reli. Tutakusikiliza sisi."

Siku ya kesi, wakili wa kampuni akaanza upya: hili ni jambo la reli, lipelekwe kwenye baraza.

"Hilo limekwisha," akasema msuluhishi. Akamgeukia msimamizi. "Redio yake ilikuwa nzima?"

Msimamizi akamtazama wakili wake. "Ilikuwa inasubiri fundi."

Wakaamriwa kunirudisha kazini. Msimamizi alikaa muda mrefu bila kunisalimia, nami sikumbembeleza. Nilivaa sare yangu nikaendelea na kazi.

Jumapili moja, baada ya ibada, mama aliyekuwa akifagia stesheni akanishika mkono. Naye alikuwa amefukuzwa. "Dada, nianzie wapi?"

"Kesho asubuhi nina nafasi," nikamwambia. "Tutaenda wote."